Maji ya Zamu na Moto wa Shule

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mti mrefu mara mbili yangu, wenye ndoana ya chuma kwenye ncha. Nikamwambia Mwalimu Mkuu, "Shikamoo mwalimu. Huku mlimani tunavua samaki gani?"

"Marahaba. Tunavua nyasi," akasema, wala hakucheka.

Mti ule tuliuita upondo. Paa la nyasi likishika moto, unapiga ndoana mbele ya pale panapowaka, unavuta nyasi chini, moto unakosa pa kukanyaga. Nyie mmezoea mitungi myekundu ya ukutani, mnavuta pini basi. Sisi tulivuta paa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, katika shule ya misheni ya kulala, juu kabisa Upare ya kusini. Madarasa, jiko, bweni, vyote nyasi. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne. Mdomo wangu ndio ulikuwa umeendelea na masomo. Mkaguzi wa shule, Mwingereza mmoja mpole aliyefika kwetu huku anahema, alikuwa amesema bweni lisilalwe mpaka apatikane mtu wa kuangalia moto. Ndivyo nilivyopata kazi, na watu hawakukawia kuniita Bwana Moto.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusumbua watu. Taa za chemli nilizijaza mafuta mchana, zikiwa baridi, na utambi nikaukata usawa ili usitoe moshi wala cheche. Majivu ya jikoni hayakutupwa mpaka niyashike kwa kiganja. Mpishi wetu alikuwa ananichukia kwa hilo.

"Bwana Moto, unataka kuyala hayo majivu au?"

"Nasubiri uyaunge, mzee."

Halafu kulikuwa na zoezi la ndoo. Kengele ikigongwa mfululizo, watoto wanatoka darasani bila kubeba kitu, wanajipanga mistari miwili. Mmoja unapandisha ndoo zilizojaa, wa pili unateremsha tupu. Mwanzoni walimwagiana. Mwalimu Mkuu alikuwa anasimama pembeni mikono nyuma, anasema taratibu, "Tena." Wakimaliza, "Tena." Nilimchukia wakati ule. Leo namwombea.

Sasa tatizo. Ndoo tulikuwa nazo, mistari tulikuwa nayo, maji ya kutosha hatukuwa nayo. Wapare wenzangu mnajua, maji yetu ni ya ndiva, yaani bwawa dogo la juu linalojaa usiku kutoka kijito. Asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwa mfereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Kesho ni zamu ya mwingine. Ukiyagusa yasiyo yako unalipa mbuzi, na aibu unabaki nayo. Shule haikuwa na shamba kwenye mfereji ule, kwa hiyo haikuwa na zamu. Maji ya kunywa na kupikia watoto walichota kijitoni, mbali, wakayabeba kichwani. Nilikuwa nimechimba shimo kubwa nyuma ya bweni, nikalisiriba udongo wa mfinyanzi, likakaa pale likipasuka kwa jua.

Nikapanda kwa mzee wa ndiva, yule anayegawa zamu. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikaeleza.

"Huo moto wenu uko wapi?" akauliza.

"Bado haujawaka, mzee."

"Mahindi yangu yameshaanza kukauka. Njoo nikuonyeshe. Wewe unaniomba maji ya moto ambao haupo."

Nikaaga, nikageuka. Mimi, mwenye mdomo wote huu!

Nilipokuwa nateremka nikampita Mama Nakijwa, mjane, shamba lake la maharage likipakana na shule kwa chini. Alikuwa amesikia kila kitu, maana mlimani sauti haifichiki.

"Bwana Moto, umenyimwa?"

"Nimenyimwa, mama. Nitauzima kwa mate."

"Kwa jinsi unavyoongea, yangetosha." Akaegemea jembe. "Siku ya zamu yangu, maji yapite kwanza kwenye shimo lako. Likijaa, niteremshie. Lakini ukilala nikakosa maji, nitakufukia humo humo."

Mzee wa ndiva aliguna tu. Alisema maji yakishafunguliwa ni ya mwenye zamu, akitaka kuyaoga yote na ayaoge. Basi kila zamu yake shimo lilijaa, na kila zamu mstari mmoja wa maharage yake ulikosa maji. Nilikuwa nauona ule mstari ukigeuka njano, naye hakuwahi kunitajia.

Kiangazi kikakomaa. Mchana mmoja, watoto wako darasani, mpishi anapika makande. Makande mnayajua, hayaivi bila kuni za kutosha, na siku hiyo upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni kwa hasira. Cheche ikaingia kwenye nyasi za jiko. Nilipogeuka, paa lilikuwa linacheka meno nje.

Nikagonga kengele. Watoto wakatoka mikono mitupu, mistari ikajipanga, ndoo zikaanza kupanda. Sikulipigania jiko, lilikuwa limeshakwenda. Nilipanda juu ya paa la bweni na upondo, nikavuta nyasi za upande ule, na watoto wakamwagia zilizobaki. Cheche zilikuwa zinatua kama nzige. Chini, Mwalimu Mkuu, amevua koti, anapokea ndoo kama mtoto mwingine.

Halafu nikasikia, "Shimo limekauka!"

 Bweni likiungua, misheni isingekuwa na la kufanya ila kuwarudisha watoto makwao, na wengi wasingerudi tena shule.

Nikatazama chini. Ilikuwa zamu ya Mama Nakijwa. Maji yalikuwa yameshapita kwetu asubuhi, sasa yako shambani kwake, kwenye maharage yaliyotoa maua. Alikuwa amesimama ndani ya mfereji, pale njia ya shimo na ya shamba lake zinapoachana, gauni limefungwa kiunoni. Aliinua jembe, akabomoa ukingo, akaziba njia ya shamba lake kwa udongo na kwa mwili wake mwenyewe, akakaa pale! Maji yote yakageukia shimoni.

Bweni lilibaki, limetoboka upande mmoja. Hakuna mtoto aliyeungua hata kidole. Makande ndiyo hatukuyaona tena.

Maharage yake yaliangusha maua. Nilikwenda kumshukuru, nikakosa utani, nikamwuliza tu kwa nini, maana hakuwa na mtoto pale. Nakijwa alikuwa ameshaolewa Ugweno.

"Nimezoea kulima nikiwasikia wakiimba hesabu," akasema. "Wangeondoka ningelima na nani? Na wewe?"

Zamu iliyofuata ilikuwa ya mzee wa ndiva mwenyewe. Alifungua maji, akayasindikiza kwa miguu mpaka shambani kwa Mama Nakijwa, akarudi kwake. Toka hapo kila zamu ilipita shimoni kwetu kwanza, bila mtu kuombwa.

Baadaye mkaguzi akanihamishia shule ya kijiji cha Kisiwani, tambarare. Kule moto unatoka porini kwenye majani makavu, nikajifunza kufyeka njia ya moto kuzunguka shule, ukanda mtupu ambao moto ukifika unakosa chakula. Wafugaji walinionyesha upepo unapogeukia. Uhuru ukaja, mabati yakaja, nikaendelea hadi nilipostaafu.

Nimefanya kazi na wakubwa waliojua kusema "tena", na majirani waliotoa walichokuwa nacho kwa ajili ya kitu ambacho hakijatokea. Kazi ya kuzuia haina cha kuonyesha, vijana. Unaonyesha shule iliyosimama tu, na watu wanadhani ilisimama yenyewe.

Siku ya kuniaga, mwalimu mmoja kijana alisimama akauliza, "Mzee, umezima mioto mingapi maishani?"

"Mmoja," nikasema. "Na huo aliuzima Mama Nakijwa."

Ukumbi mzima ukacheka, maana walikuwa wamenizoea. Siku hiyo sikuwa natania.