Mimi Ndiye Niliyemwita Mama wa Ndizi

Admin, naomba ufiche jina langu na majina ya shule nilizofundisha, maana wanafunzi wangu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu, mgane, naishi hapa Ifakara. Nitaeleza taratibu, mnivumilie, walimu ndivyo tulivyo.

Nina binti mmoja. Mume wake hununua mchele vijijini, kuanzia Mlimba hadi Masagati, na kuupeleka mjini kwa pikapu yake. Huku kwetu wakwe wengi huona haya kukaa karibu na baba mkwe, hata chakula hula mbali naye. Huyu alikuwa tofauti. Tangu mke wangu afariki, kila akisafirisha mzigo alinipitia. Binti yangu alikuwa akitangulia kunipigia simu: "Baba, vaa lile koti lako la kijivu la kufundishia, mwenzio anakuja. Utakaa ndani peke yako ufanye nini?" Basi navaa koti, naketi mbele, tunaondoka tukipiga soga. Kwenye vizuizi askari waliinama dirishani: "Shikamoo mwalimu! Pita, mwalimu." Wengi nimewafundisha mimi. Mkwe alikuwa akicheka, "Baba, wewe ni kibali tosha." Nilijisikia mtu. Niliamini nimepata mtoto wa kiume uzeeni.

Asubuhi moja tulisimamishwa mbele kidogo ya Kisawasawa. Askari walikuwa wawili. Mmoja nilimfundisha darasa la tatu. Mwingine alikuwa binti mgeni, mwenye lafudhi ya Kisukuma.

"Shikamoo mzee. Mmebeba nini?" akauliza huyo mgeni.

"Mchele na pumba za kuku tu, afande," mkwe akajibu.

"Huyu mwalimu wangu," yule askari mwingine akamwambia mwenzake. "Kanichapa sana huyu. Waache waende."

"Mimi hajanichapa," yule askari wa kike akasema. "Mwalimu, naomba tuangalie mzigo."

Mkwe akaanza kulalamika kwamba huko ni kumdhalilisha mzee. Mimi, kwa kiherehere changu cha kufundisha, nikamkatiza. Nikamwambia mwenye mzigo halali haogopi kukaguliwa. Kisha nikamweleza na yule askari wa kike kwamba kabla hajafungua chochote atafute mtu asiyehusika, aone kwa macho yake na aweke sahihi kwenye hati ya upekuzi, ili kesho asitokee wa kusema kwamba polisi wameweka kitu wenyewe. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mama anauza ndizi. Nikamwita mimi mwenyewe. Mkwe akaninong'oneza, "Baba, nyamaza." Hajawahi kuniambia hivyo. Nikadhani ni aibu ya kusimamishwa.

Askari akataka kitu cha kuchomea magunia. Nyuma ya kiti kulikuwa na bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho wafanyabiashara huchoma nacho gunia ili wachote mchele kidogo wauangalie. Nikalitoa, nikampa. Gunia la mchele likatoa mchele. Kwenye gunia la pumba chuma kiligoma katikati, na alipokivuta kwa nguvu kikaja na majani makavu. Harufu niliijua, nimewahi kuwanyang'anya wanafunzi. Magunia manne yalikuwa na bhangi, imefungwa vizuri na kuzungushiwa pumba pande zote.

Nilimgeukia mkwe. Hakunitazama. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya mchele, "Afande, mimi nimekodiwa tu. Mzigo ni wa mzee."

Mwanafunzi wangu alitoa pingu huku ameinamisha kichwa. Ni yule mama wa ndizi aliyepaza sauti: "Jamani, si mzee huyuhuyu kaniita nije nione? Nani anaita watu waje kuona bhangi yake?" Akaweka dole gumba kwenye hati. Nililala mahabusu siku mbili, nikaachiwa, na maneno yake yalichangia sana. Sasa mimi ni shahidi wa upande wa mashtaka. Mkwe yuko ndani, na kesi inakaribia kusikilizwa.

Binti yangu amehamia kwangu na watoto wake wawili. Juzi aliniletea chai, akapiga magoti.

"Baba, sema tu kwamba yule mama aliitwa magunia yakiwa yameshafunguliwa. Neno hilo moja tu linaweza kumtoa baba watoto."

"Nimfanye mwongo mtu aliyenitoa mimi?"

"Yule ni muuza ndizi tu, baba. Mimi mwanao."

Nikamuuliza kitu kilichokuwa kimenikaa kooni tangu siku ile. "Wewe ulijua?"

Akachukua kijiko akaanza kukoroga chai yangu, na chai yangu haina sukari, nina kisukari miaka yote. Akakoroga muda mrefu. "Wewe walikuwa hawakukagui," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakwambia uvae koti."

Mkwe kunisingizia kuliniuma. Hili limenimaliza.

Nikisema kweli, wajukuu wanaolala chumba cha pili watakua bila baba, na huenda binti yangu asinisamehe mpaka nife. Tena nina uchungu kiasi kwamba sijui kama nitakuwa nashuhudia au nalipiza. Nikisema uongo, yule mama, ambaye bado anauza ndizi palepale, ataitwa mwongo mbele ya hakimu kwa jambo nililomwita mwenyewe aje alione.

Jana binti yangu alilifua lile koti la kijivu, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango wangu kwa ajili ya siku ya mahakamani. Mlio wazazi na mlio watoto, niambieni bila kunionea haya: nikisimama pale nimelivaa, niseme nini?