Sauti ya Mama kwenye Simu Mbili

Kabla hajafa, mama alituachia dakika sita za sauti yake kwenye simu, akifungua Sabato kwa sala jua linapozama Ijumaa, akiwa kitandani. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule kidato cha pili, nikajifunza kutengeneza simu hapa Mosocho. Nilikuwa nimemwahidi kwamba sisi watatu tutaendelea kuifungua pamoja, popote tutakapokuwa.

Mdogo wangu anayenifuata alipopata kazi Mombasa nilimtumia sauti hiyo. Jua la huko huzama mapema, lakini alikubali kungoja letu. Kila Ijumaa nilimpigia na kuhesabu, "Moja, mbili, tatu, bonyeza," naye akabonyeza. Kosa lilikuwa hapo. Neno "bonyeza" nalo lilisafiri, likamfikia limechelewa. Basi mama akawa anasema kwetu, kisha anasema tena ndani ya simu, nyuma kidogo, kama mtu aliyesimama nje ya ukuta akimwigiza.

Kitinda mimba wetu, msichana wa darasa la sita, hakuvumilia.

"Dada, mama wamekuwa wawili. Huyo wa nyuma simjui."

Ijumaa iliyofuata alijifungia jikoni.

"Mwache," yule wa Mombasa akasema. "Kwani wewe umekuwa fundi wa wafu? Kila mtu asikilize peke yake."

Nilikataa. Nilitafuta hadi nikapata programu inayolinganisha simu mbili. Yangu huiuliza yake ni saa ngapi, hupima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, huugawa kwa mbili, ndipo hujua saa zao zimepishana kiasi gani. Kisha hupatana sekunde moja iliyo mbele, na ikifika, kila moja huanza yenyewe.

Lakini sauti ya mama iliyochezwa kwake bado ingetujia kupitia simu, imechelewa.

"Tuzime maiki," nikamwambia.

"Tusisikiane?"

"Mpaka amina."

Kitinda mimba alitoka jikoni, akaketi karibu na mlango. Mama akaanza, akiwa mmoja. Kabla ya kuomba aliuliza, "Mko wote?" akanyamaza. Kitinda mimba akanong'ona, "Tuko." Nikaitazama simu, nisijue kama upande wa pili kulikuwa na mtu.

Baada ya amina tulifungua maiki, nikamwuliza yule wa Mombasa.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Lini?"

"Alipouliza, dada. Kukawa kimya sana, nikadhani nimebaki naye peke yangu."