Mwali wa Uzito wa Juu

Mama yangu ni kungwi, au somo kama wengine wanavyomwita, tena si wa kubahatisha. Kuanzia Tandika hadi Mbagala, na mara nyingine hufuatwa kwa gari kutoka Bunju, binti akikaribia kuolewa huitwa yeye aje amfunde: akae vipi, aseme vipi, anyamaze lini. Nimekulia katika nyumba ambayo kila baada ya muda kuna msichana wa watu kwenye chumba cha uani, anasuguliwa singo ya kung'arisha ngozi, anapakwa liwa ya kunukia, anashindiliwa chakula, anafundishwa kuwa mke. Mimi nilikuwa natoka mlango wa mbele na begi la glovu.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza, na viboko juu, lakini ulimwengu nao haukuniacha. Ngumi nilizianzia kwenye ukumbi wa mabati huku huku Temeke, nikazipenda mpaka nikawa siwezi kulala vizuri siku ambayo sijapiga begi. Mama alijua. Hakunikataza, na sijui kwa nini hakunikataza, maana alinikataza mambo mengi madogo kuliko hilo. Alichokataa ni kulisema mbele za watu. Akiulizwa niko wapi, alijibu nipo mazoezini, akamwachia muulizaji achague mwenyewe ni mazoezi ya nini. Wengi walichagua mpira wa pete.

Mwaka huo timu ya taifa ya ngumi za ridhaa ilikuwa inajiandaa kwenda kwenye mashindano ya nchi za Afrika. Katika uzito wangu alikuwepo msichana mmoja wa Kinondoni ambaye tulishapigana zaidi ya mara moja, na kila mara mkono ulioinuliwa ulikuwa wake. Nasema hivyo kwa mdomo mzito, lakini haki yake nampa. Basi mwalimu wangu, mtu wa bara, mkavu wa maneno, akaniita pembeni.

"Binti, kwa uzito huu huendi popote. Lakini uzito wa juu yake hatuna mtu. Ukivuka sabini na tano kwenye mizani, nafasi yako."

Nilikuwa na sabini na mbili, labda na nusu nikiwa nimeshiba.

Watu wanadhani kunenepa ni kazi ya mvivu. Jaribu basi kunenepa huku unakimbia alfajiri, unaruka kamba mchana, unapigana jioni. Nilikunywa mayai, nikala ugali wa kutosha mafundi wawili, mizani ikaniangalia tu. Zilipobaki wiki chache nikameza haya zangu nikaenda uani, mama akiwa anachambua mchele.

"Mama, nataka kunenepa."

Akainua macho. "Kunenepa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mizani. Nisipofika uzito sisafiri."

Nilitegemea aniambie nikatafute hao waliokuwa wananifundisha kupigana, ndio waninenepeshe. Badala yake aliweka ungo chini, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaminya, akazunguka nyuma yangu akaminya bega, akaguna. Mama ni mtu wa fani. Amewaingiza ndani wasichana waliokonda kwa mawazo akawatoa wamejaa, shingo zina mikunjo, mpaka waume wakaongeza shukrani. Mimi nilikuwa nimemletea kazi anayoijua kuliko mtu yeyote Temeke, na hamu ya kazi ikaishinda haya yake.

"Haya," akasema. "Lakini utakaa ninavyotaka mie. Hakuna kuzurura."

Nikaingizwa chumba cha uani. Asubuhi uji wa mchele wa tui zito na pilipili manga. Baadaye supu ya kongoro. Mchana wali na kuku wa kienyeji, jioni bokoboko iliyopigwa mpaka nyama na ngano haviachani, na samli juu yake. Kati ya hapo ndizi mzuzu za nazi, ili mdomo usisahau kazi. Jua nilikatazwa. Kukimbia nikaruhusiwa kabla halijatoka tu, na ukumbini nilikwenda nimejitanda kanga mpaka machoni, nikisindikizwa na shangazi yangu, ambaye alikuwa anakaa kwenye benchi akisokota ushungi na kuwalaani kimoyomoyo vijana waliovua fulana.

Mwalimu alilalamika. "Mwambie mama yako apunguze nazi, utakosa pumzi." Nikafikisha ujumbe. Mama akajibu, "Mwambie yeye afunze mikono. Mwili aniachie mie." Nikafikisha na huo. Hawajawahi kuonana hao wawili, na kwa majuma kadhaa waligombana kupitia kwangu kama mke na mume wasiosemeshana. Lakini mwili ukaanza kuitika. Makonde yangu yakawa na kitu nyuma yake. Siku moja mwenzangu ukumbini, niliyezoea kumgusa tu, nilimgusa akakaa chini.

Sasa fikiria wewe ni jirani. Binti wa kungwi haonekani barabarani. Akionekana amejitanda na anasindikizwa na shangazi. Harufu ya liwa inavuka ukuta, maana mama hawezi kumweka mtu ndani bila liwa, mazoea yana taabu. Kuku wanaingia uani wakiwa hai na hawatoki. Wewe utasema nini? Ungesema walichosema wao. Habari za ndoa yangu nilizipata kwa muuza mkaa, akanipongeza, akaniuliza kama mume ni yule wa Buguruni mwenye duka la vifaa vya umeme. Simjui mtu huyo mpaka leo.

Nilicheka, nikaenda kumhadithia mama. Yeye hakucheka.

"Waache waseme," akasema.

Wakasema kwelikweli, kisha wakaja. Alasiri moja, siku chache kabla ya safari, mlango uligongwa kwa kigelegele. Wanawake wa mtaa, jirani wa mbele anayekaanga samaki akiwa kiongozi, doti ya kanga mkononi, kigoma nyuma. Wakapita moja kwa moja mpaka uani kumtazama mwali. Nikakalishwa mkekani, kichwa chini, maana nilishindwa kufanya kingine chochote.

"Mashallah, shoga," jirani akamwambia mama, "kanawiri! Lakini mbona mabega hivi?"

"Kachukua kwa babake," mama akasema.

Yule jirani akanishika mkono ili auone kama umelainika, akakuta vifundo vimechubuka. "Na huku?"

"Anatwanga kisamvu."

Mwenzangu, mimi sijapata kuumia ulingoni kama nilivyoumia pale mkekani. Nilikuwa nakwenda kuvaa rangi za nchi. Hakuna aliyewahi kutoka mtaa wetu akavaa rangi zile kwa jambo lolote. Na mama, mtu pekee ambaye nilitaka alitangaze, alikuwa anawamiminia wageni sharbati kwa ajili ya harusi isiyokuwepo, ili tu asitamke kilichopo.

Walipotoka nilimkabili. "Mama, unanionea haya."

Hakukana. Alikusanya vikombe vyote kwanza, akakaa.

"Mwanangu, mie nawafunda watoto wa watu wakae kwenye ndoa kwa upole. Kesho nikisema wangu anapiga watu ngumi, nani atanipa mwali wake? Watasema yule kwake mwenyewe kumemshinda. Hii kazi ndiyo iliyokulea."

Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa makali, nikayameza. Siku ya kuondoka aliniwekea kiganja kichwani, akasoma alichosoma, akanipulizia. "Nenda. Radhi zangu unazo zote," akasema. "Ila nikiwa kwa watu usinipigie simu." Nikaondoka na radhi na hilo sharti, na njiani sikujua ni kipi kizito zaidi.

Kwenye kupima uzito huko ugenini niliona kituko. Ukumbi mzima una mabondia waliokauka midomo, wamevaa nguo za plastiki za kutoa jasho, wanaruka, wanatema mate kwenye chupa ili wapungue. Mimi niko kwenye kiti nakula ndizi. Nilikuwa nimebeba chupa kubwa ya maji, nakunywa, nabana miguu, sithubutu kwenda msalani, maana safari ilikuwa imeniondolea kidogo na kila tone lilikuwa na thamani. Bondia mmoja wa Afrika Kaskazini alinitazama kwa chuki ya mtu mwenye kiu. Nilipopanda, mizani ikayumba, ikatulia: sabini na tano na nusu. Mwalimu, ambaye hacheki, alisema, "Nazi hiyo." Kisha nikakimbilia msalani.

Katika kundi langu nilikuwa mdogo kuliko wote. Wenzangu walikuwa wanajibana kuingia kwenye uzito ule kutoka juu. Mimi nilipanda kwa kijiko. Bendera yetu ilikuwa imeshonwa kifuani na niliigusa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Pambano la kwanza nilimpata yule mwenye kiu. Raundi ya kwanza alinisukuma kila kona, nikawa naona kofia yangu ya kukinga inataka kugeukia nyuma. Nikakumbuka kwamba mimi kasi yangu ni ya uzito wa chini. Nikaacha kusukumana. Nikaingia, nikapiga mbili, nikatoka kabla hajafika, nikaingia tena. Raundi ya tatu mikono yake ilishuka, nikamshindilia ngumi ya kulia iliyompeleka kwenye kamba, mwamuzi akamhesabia. Mkono wangu ulipoinuliwa nilipiga kelele ambayo kungwi yeyote angenipigia kofi. Robo fainali nikashinda tena, majaji wote upande wangu.

Nusu fainali nilikutana na mwanamke ambaye nadhani alizaliwa na uzito ule. Sitasema niliibiwa. Alinipiga kwa haki, raundi zote, na jicho langu la kushoto likafunga duka mapema. Lakini sikukaa chini. Alinipiga kwa vyote alivyokuwa navyo, na nilikuwa nimesimama kengele ilipolia, yeye ndiye akanikumbatia kwanza. Katika ngumi za ridhaa ukifika nusu fainali medali ya shaba ni yako. Nilivishwa jioni ile ile, nikaishika, ikawa nzito kuliko nilivyodhani, na nikajisikia fahari mpaka nikaona kifua hakinitoshi. Msichana wa Temeke, wa tatu Afrika nzima, na jicho moja.

Nikampigia mama. Alipopokea nikasikia kigoma, wanawake wanaimba, kigelegele cha yule jirani wetu wa mbele, vikombe. Alikuwa kazini, kwenye harusi ya watu Tandika, katikati ya kumfunda mwali.

"Samahani mama, uko kwa watu," nikasema. "Nitapiga baadaye."

"Usikate."

 Nikasikia anapumua, na nyuma yake wimbo unaendelea.

"Umepigwa?" akauliza.

"Nimepigwa leo. Lakini nimeshinda mawili kabla. Nimepata medali mama, nimekuwa wa tatu."

"Watu wa nchi ngapi?"

"Nyingi. Sijazihesabu."

Sauti yake ikaondoka karibu na simu. Nikamsikia akisema, kwa ile sauti yake ya kazi inayozima ngoma: "Hebu nyamazeni. Nimesema nyamazeni!" Kigoma kikakata. "Yule mwanangu mliyekuja kumtazama hakuwa mwali. Hana mume. Mtoto wangu bondia. Yuko ugenini huko, kapigana na wanawake wa Afrika, kawa wa tatu. Na mwili aliopigania nimeujenga mie kwa mikono yangu hii. Mwenye binti wake asiyetaka nimfunde, aseme leo leo, nimrudishie, tusiwekane roho juu."

 Mimi niko kwenye korido ya ukumbi wa ugenini, glovu shingoni, simu nimeibana sikioni. Nikasikia mtu anakohoa. Nikasikia mlango, sijui nani aliingia, sijui nani alitoka. Kisha sauti ya mama mwenye harusi, nilivyoambiwa baadaye, mwenye mwali wake aliyekuwa amekaa pale mkekani amejifunika:

"Somo, maliza kwanza kumfunda huyu. Mdogo wake naye yumo ndani, anakungoja wewe."

 Mama alirudi kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamsikia kungwi wa Temeke analia mbele za watu, wala hajali.