Fimbo Yangu na Muujiza wa Chwele

Kilichoniponza ni mdomo. Mimi ni fundi wa fimbo Kitale, na mhubiri mmoja alipoagiza fimbo nyekundu ya kuombea wagonjwa, nilimwapia: "Pastor, hii ni rangi ya mafuta, hata mvua haiitoi." Ilikuwa rangi ya maji.

Jumapili, kwenye mkutano wa injili Chwele, akaichovya ndani ya beseni kubariki maji. Maji yakawa mekundu kama damu! Umati ukapiga mayowe, mhubiri mwenyewe akaanguka magoti, nami nikapaza haleluya kuliko wote.

Kando yangu Mama Nafula, anayetembelea fimbo niliyomuuzia kwa kiapo kilekile, akanyanyua kiganja chekundu chenye jasho.

"Fundi," akauliza kwa sauti, "kumbe hata mimi ni nabii?"