Nta Chini ya Kisahani

Wanaoniuliza kama nilimchukia Fundi Hezekia huwa nawajibu kwamba nilimchukia kweli, wala si kwa siku mbili tatu. Lakini naona mimi ndiye wa kumweleza. Wengine wanamsifia tu, na ukisikia mtu anasifiwa tu, bado hujaelezwa habari zake.

Alizaliwa Misigiri, akaja kufungua gereji Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, akiwa kijana mwenye tupa tatu na ovaroli moja. Injini ikifunguliwa yote na kuundwa upya, vile vyuma vinavyozunguka na kupanda na kushuka ndani yake havina budi kulingana uzito, la sivyo itatetemeka mpaka ijivunje. Wapo mafundi wanaofunga hivyo hivyo na kumwachia Mungu. Hezekia alipima. Mizani yake ilikuwa ya visahani viwili, imening'inia kwenye boriti la gereji, ile ile ambayo mkewe Elina alipimia asali ya kuuza. Aliweka konrodi, yaani mkono wa chuma unaoshika pistoni, kisahani hiki, na nyingine kile. Iliyo nzito aliipunguza kwa tupa, kidogo kidogo, maana chuma ukishakiondoa hukirudishi. Zikilingana, alizibadilisha: ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Zikilingana tena ndipo alipokubali, maana kisahani chenye kasoro kingejionyesha hapo. Nimewahi kumwona akirudia hivyo kutwa nzima, mwenye gari amenuna kwenye benchi, yeye wala hageuki.

Elina naye alikuwa na sehemu yake. Kila jioni, asali ikishauzwa, alivisugua vile visahani kwa maji ya moto, juu na chini, kwa sababu nta ikipoa hung'ang'ania. Asubuhi Hezekia aliikuta mizani safi. Kwa miaka karibu thelathini hakuwahi kuinua kisahani akatazama chini yake. Angetazama nini, na mke anaye?

Mimi ni Sostenes, nilikuwa dereva wa kikundi cha wafuga nyuki wa Rungwa. Gari letu lilibeba asali, na mtu akizidiwa lilimbeba yeye mpaka hospitali Itigi, kwa kuwa lingine la kutegemea halikuwepo. Injini yake ilipokufa nililivutisha hadi Unyambwa. Konrodi moja ilikuwa imepinda, ikapatikana nyingine iliyotolewa kwenye injini nyingine, nzito kidogo kuliko wenzake.

Wiki hiyo Elina alikuwa msibani Misigiri. Binti yao Eliana ndiye aliyeuza asali, na kusugua hakusugua. Hezekia alipitisha kitambaa juu ya visahani, akaanza kazi. Ile konrodi mpya ilionekana nzito mno, akaipiga tupa, akapima, akaipiga tena, mpaka tupa ikaingia kwenye shingo ya chuma, pale pembamba. Hatimaye mizani ikasimama sawa. Akanyoosha mkono azibadilishe visahani. Hapo nikafungua mdomo wangu. Rungwa walikuwa wananipigia simu kila saa, msimu wa kurina asali ulishafika.

"Mzee, zimelingana. Hata mimi naona."

Alinitazama, akaurudisha mkono. Hilo la kwangu ninalo, silifichi.

Siku ya tatu baada ya mimi kuondoka, Elina alirudi kutoka msibani, akavishusha visahani aoshe. Chini ya kimoja akabandua pande la nta karibu sawa na kiganja cha mtoto.

"Baba Eliana," akamwita mumewe, "mlikuwa mnapima nini na nta yote hii?"

Hezekia alielewa pale pale. Ile nta ndiyo iliyoilemea konrodi, na yeye amekata chuma ambacho hakikuwa na kosa. Alitoa simu mfukoni, akatafuta jina langu, akaliona. Kisha akairudisha simu mfukoni. Alijiambia chuma kitashika. Aliniambia baadaye kwamba kilichomzuia ni aibu, basi, hakuna kingine. Aibu ya mtu ambaye hajawahi kukosea.

Chuma kilishika miezi minne. Siku ya kukatika nilikuwa nimembeba Marietha wa pale Rungwa kumpeleka Itigi, uchungu wa kujifungua umemzidi, na mumewe Joseph amempakata kichwa. Tulikuwa katikati ya pori, mchana kweupe. Konrodi ilikatika, ikatoboa injini ubavuni, oili ikamwagika yote barabarani. Mtandao wa simu hakuna. Nilikimbia kwa miguu kutafuta msaada mpaka nikatapika. Niliporudi na watu wenye pikipiki, Marietha alikuwa ameshakufa kwenye kivuli cha gari, na mtoto wake tumboni. Aliacha binti wa miaka saba, Dina.

Viongozi wa kikundi waliipeleka injini kwa Hezekia ili aseme kimetokea nini. Mwenyekiti wetu, Leonard, alimuuliza, "Fundi, ni dereva aliikimbiza bila oili, sivyo?"

Hezekia alikuwa ameshika kipande cha ile konrodi, na alama ya tupa yake iko pale pale kilipokatikia. Alijibu, "Magari ya porini yanateswa sana."

Maneno matano. Yalinitosha. Nilinyang'anywa ufunguo siku hiyo hiyo, lakini kazi nyingine hupatikana, nikaenda kulima. Kilichonimaliza ni watoto. Waliacha kuniamkia. Kwetu mtoto hampiti mtu mzima bila shikamoo; ukiona anapita kimya, ujue nyumbani amekatazwa. Dina alipita mbele ya mlango wangu kila siku kwenda kisimani, kwenda na kurudi, uso ameuelekeza upande wa pili. Nilijikuta namwomba Mungu jambo moja tu, mtoto huyo aniamkie.

Miaka miwili baadaye Hezekia aliniita. Alikuwa amekonda, gereji ameifunga. Alinieleza yote, nta, simu, alama ya tupa. Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo mzee hatukanwi, mkewe akisikia, na yeye akawa anasema tu, "Endelea." Nilipochoka akasema, "Nipeleke Rungwa. Nitayasema mbele yao."

Tukaenda. Mkutano ukaitwa, akaitundika mizani mbele ya watu, akatoa vile vipande viwili vya konrodi, na nta aliyokuwa ameitunza kwenye mfuko. Akawaonyesha. Akasema, "Aliyemuua Marietha ni mimi. Huyu kijana hana kosa." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mimi nikasema leo yamekwisha.

Joseph, mume wa marehemu Marietha, akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, sisi tunakujua. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye benchi lako kutwa nzima, nakuona unabadilisha visahani. Wewe hukosei. Umemwonea huruma Sostenes, umeamua kumbebea mzigo wake. Mungu akubariki."

Watu wakapiga makofi. Hezekia akapaza sauti, "Nisikilizeni! Siku ile sikubadilisha!" Wakazidi kupiga makofi. Kina mama wengine walikuwa wanalia kwa ajili ya wema wake. Nyuma yangu mtu akaniuliza kwa kunong'ona kama sioni haya kumsafirisha mzee wa watu umbali wote ule aje kunisemea uongo. Nikamgeukia nikitaka kumpiga, nikaushusha mkono.

Tulipokuwa tunaondoka walimpa asali, ndoo ndogo, na aliyetumwa kuileta ni Dina. Alikuwa amerefuka. Alipiga goti mbele ya Hezekia.

"Shikamoo, babu."

Mzee alifungua mdomo aitikie marahaba, haikutoka. Machozi yakamshuka. Mtoto alisubiri kidogo, akaiweka ndoo chini, akainuka. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka hapo, karibu kiasi kwamba nguo yake iligusa mguu wangu. Akapita.