Kumsemea Nyota wa Hollywood

Baada ya kiharusi, koko, yaani bibi mzaa mama, alibakiwa na neno moja tu, lile la Kifaransa la kusema sawa: "Bon." Ukimpa chai, bon. Ukimkanyaga mguu, bon. Mtaalamu wa usemi alikuja kwetu Rågsved, huku Uswidi, na kadi za picha. Alimwonyesha kikombe, na koko akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu mzima aliyefika umri ule bila kujua kikombe. Kisha nikamsikia mtaalamu akimwambia mama, kwa sauti ile laini ambayo Waswidi huihifadhi kwa habari mbaya, kwamba koko asipojaribu mwenyewe, maneno hayatarudi.

Mama akanigeukia. "Wewe si ndiye redio ya nyumba hii? Ongea naye."

Nikaongea. Nikamweleza mpira, nikamsengenyea majirani wote wa ngazi yetu. Bon.

Wakati huo shuleni mwalimu wa filamu alitaka kila mmoja wetu achague mwigizaji na kufuata kazi yake kutoka filamu ya kwanza hadi ya mwisho. Wenzangu walichagua watu walio hai. Mimi nilichagua mama mmoja wa Hollywood ya zamani, ile isiyo na rangi, kwa sababu ya kisomi kabisa: maktaba ilikuwa na sanduku lenye filamu zake zote, nami sipendi kuhangaika. Televisheni kubwa iko chumbani kwa koko. Basi tukawa wanafunzi wawili.

Koko hajui Kiingereza, na maandishi ya Kiswidi chini ya picha yanamkimbia. Nikakumbuka mama akisimulia kwamba zamani Bukavu, kule kwetu Kongo, kwenye ukumbi wa parokia, bwana mmoja alisimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akieleza filamu kwa Kiswahili na kuongeza chumvi apendavyo. Wanawake wote aliwapa sauti moja, ya kuku aliyekabwa. Nikashika rimoti kama kipaza sauti, nikawa yeye.

Katika filamu ya kwanza nyota wetu ni mtumishi. Anaingia na sinia, anatoka, hasemi kitu. Nikamsemea: "Kahawa yenu hii. Na mshahara wangu mnasemaje?"

Mabega ya koko yakatikisika. Alikuwa anacheka!

Tukaendelea hivyo, kila nikitoka shule. Mtumishi akawa mke wa tajiri, akawa malkia, akawa jasusi mwenye kofia iliyomziba jicho moja. Taa zilimwangukia usoni kana kwamba yeye ndiye aliyeziajiri. Mara moja aliolewa na bwana wa masharubu membamba, nami nikawafungia ndoa ya Kikongo kamili, yenye mbuzi na mashemeji wanaolalamikia bia.

Halafu nafasi zikaanza kupungua. Kwenye kompyuta ya shule niliandika: hapa ni shangazi, hapa ni mjane. Sikuona ajabu, nilidhani ndivyo watu wanavyozeeka. Ikaja filamu ambayo bwana wa masharubu amerudi, masharubu bado meusi tii, anachumbia msichana ambaye angeweza kukaa dawati moja nami. Nyota wetu je? Ni mama wa msichana. Anamshika bwana mkono, anamkaribisha nyumbani.

Nikabana koo langu la kuku: "Karibu mwanangu, nitunzie binti yangu..."

"Eko bwana yake!"

Nilifikiri ni televisheni ya jirani. Koko alikuwa amekaa wima, kidole kimeelekea skrini. "Eko bwana yake, ule! Hana... hana..." Neno likagoma. Akalifukuza, mashavu yamejaa. "Haya!"

"Koko, hii ni filamu nyingine. Humu si mume wake, hawajuani."

"Bon," alisema, maana yake mimi ni mjinga.

Mama alipotoka kazini nikamweleza. Akakaa na koti lake mwilini, akalia, kisha akauliza, "Alitukana?"

"Karibu."

"Basi ni yeye."

Lakini mtaalamu aliporudi na kadi zake, koko akanyamaza kabisa. Mtaalamu akanitazama mimi, na mama naye akanitazama, kwa kuwa nina sifa zangu za kutia chumvi. Nikaanza kuogopa kwamba neno lile lilikuwa la mwisho.

Nikawaza kuhusu yule mwigizaji. Hakuna mtu aliyemwambia anyamaze. Walimpunguzia tu sentensi, filamu baada ya filamu, huku wakimsifu uzuri.

Katika filamu yake ya mwisho ni jirani mzee. Kijana aliyepotea njia anagonga, yeye anafungua mlango, anasema jambo moja, basi. Nikaandaa kuku wangu.

"Acha," koko akasema. Akajigusa kifua kwa mkono wake mzima. "Miye."

Mlango ukafunguka. "Una..." Filamu haikumngoja. Nikairudisha nyuma, ikamkimbia tena. Mara hii nikaigandisha. Mwigizaji akasimama kizingitini, nywele nyeupe, kinywa wazi, anamngoja koko.

"Unatafuta..." Nje treni ilifika, ikasimama, ikaondoka. Neno nililijua, lilikuwa linaniwasha ulimini. Nikang'ata mdomo.

"Unatafuta nani, mutoto?"

Nikabonyeza, filamu ikaendelea.