Maganda Niliyoyaanika Juu ya Mabati

Mtanisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, na ninaandika polepole, nikisimama baada ya kila neno. Kuongea ndiko kugumu zaidi, na jambo ninalotaka kueleza lilitokana na hapo.

Nilipata kibarua Athi River, katika chumba kimoja nyuma ya karakana, kwa mwanamke msomi wa kemia tuliyemwita Madam. Alinunua maganda ya kamba, wale wa baharini, yakija kwa gunia kutoka Mombasa. Wasaidizi tulikuwa wawili: mimi, msichana wa Kithimani, na mzee mmoja wa kuchota maji na kukoroga. Mzee alipenda kusema kwamba Wakamba tumeacha mashamba tukaja kuchemsha kamba.

Kwanza maganda yalitiwa kwenye asidi, yakatoa povu mpaka chokaa ikaisha. Kisha soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, ikaondoa mabaki ya nyama. Madam akayachemsha tena katika soda kali zaidi kwa saa nyingi, ili ganda lenyewe libadilike kidogo na kulegea. Mwishowe lingetiwa siki na kusagwa, na nyuzi zake, nyembamba kuliko za buibui, zingeachana na kugeuza maji kuwa uji mzito unaopitisha mwanga. Ijumaa watu wa kiwanda cha bandeji wangekuja kuuona uji huo, waliotaka kuupaka kwenye bandeji zao. Wakiupenda, wangemlipia Madam chumba mwaka mwingine. La sivyo, tungefunga mlango sote watatu.

Jumatano Madam alikwenda Nairobi. Mimi aliniachia kuosha maganda mpaka karatasi ya kupimia soda isibadilike rangi. Nilimaliza kabla ya saa sita. Nikaitazama ile ndoo ya kitu kibichi, nikalitazama jua. Kwetu hakuna kinachowekwa kikiwa na maji. Mahindi, majani ya kunde, hata nyama: unaanika, ndipo unalala usingizi. Nilimuuliza mzee, naye akasema kitu kikioza, atakayelaumiwa ni aliyekiacha kioze. Nikatandaza yote juu ya mabati. Saa tisa yalikuwa meupe, mepesi kama maganda ya kitunguu, na nikajiona mtu wa maana.

Ndipo simu ya mzee ikalia. Alikuwa Madam, akitaka kuongea na mimi.

"Maganda yako ndani ya maji?"

Nilitazama mabati.

"Ndiyo, Madam."

"Vizuri. Yasikauke hata kidogo, msichana wangu. Yakikauka, kazi imekufa."

Tuliyakusanya mbio, tukayarudisha kwenye ndoo, tukatia maji na kukoroga. Kwa macho yalikuwa yaleyale.

"Wewe nyamaza tu," mzee akaniambia. "Maji ni maji."

Alhamisi asubuhi Madam alitia siki, akawasha mashine. Alisaga mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila alipomimina kwenye glasi, yalitoka maji meupe kama ya chaki, na baada ya muda chaki ikatulia chini. Akapima siki upya. Akafungua daftari lake, akarudi kurasa za nyuma, akaanza kupiga mistari juu ya hesabu zake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikifuta meza ambayo nilikwisha kuifuta. Kila nilipotaka kusema, mzee alikuwa akinitazama, nami nikarudi kufuta.

Saa nane Madam alisema, bila kumwambia yeyote, kwamba njia yake ilikuwa na kosa tangu mwanzo na afadhali watu wa kiwanda wasije kabisa. Akachukua simu, akabonyeza namba.

Nilichukua kalamu yake nikaandika pembeni mwa daftari. Niliona nachelewa. Niliandika: jana nilianika juu ya mabati.

Alisoma, akakata simu ikiwa bado inaita. Akaniuliza kama yalikauka kabisa. Nikaitikia kwa kichwa. Alinieleza bila ukali kwamba maji ndiyo hukaa katikati ya nyuzi. Yakiondoka, nyuzi hushikana, na mashine yetu haiwezi kuzitenganisha tena.

"Kuanika ni kosa langu, sikukufundisha," alisema. "Lakini ile 'ndiyo' ya kwenye simu ni yako."

Mzee akakohoa, akasema na yeye alikuwepo.

"Najua, baba," Madam akamjibu.

Alipiga simu, akawaambia kiwandani kwamba maganda yameharibika, akaomba wiki moja. Gunia jingine likaja kwa basi. Safari hiyo, kila saa nilikwenda mwenyewe kumwambia Madam maji yamefika wapi ndani ya ndoo, hata akaniomba nipunguze. Uji ukatoka. Aliipindua glasi na haukumwagika. Watu wa kiwanda wakaja, wakalipia chumba miezi sita, si mwaka, na mimi nikabaki kazini.

Wewe unayesoma, kama uliwahi kujibu 'ndiyo' ya uongo kwa sababu ya woga, niandikie. Nataka kujua wengine huwa wanairudisha vipi 'ndiyo' hiyo, na kama kuna wanaoweza kwa mdomo.